Eti mpaka alete barua ya daktari ndo aogelee?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea wiki mbili na ushee, mitihani ya katikati ya muhula ilinikaba koo. Leo sina stori za baridi wala za foleni ya mashine za kufulia. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu nguo za kuogelea. Wa kucheka acheke amalize, halafu tuendelee.

Muhula huu nimejiandikisha darasa la kuogelea. Ndiyo, mtoto wa Tanga, bahari nimezaliwa naiona, halafu nakuja kujifunzia kuogelea huku mamtoni, kwenye maji ya klorini, katikati ya bara la watu. Hilo nalo lina kisa chake, siku nyingine. Darasani tuko kumi na wanne, na mmoja ni mtu wa kwetu kwetu, Mswahili mwenzangu, nchi gani sisemi. Nitamwita Jirani kwa sababu kati ya chumba chake na changu kuna mlango mmoja tu. Kabla sijayaweka haya hapa nimemsomea yote. Kafuta mistari miwili, iliyobaki karuhusu.

Jirani ni transi. Kwa wasiojua: alipozaliwa waliandika "mtoto wa kike" kwenye karatasi, lakini yeye ni mwanaume na anaishi hivyo, jina lake la kiume, kitambulisho cha chuo kinasema hivyo hivyo. (Kiingereza kina "yeye" mbili, ya kike na ya kiume, watu wanatoana macho kwa ajili hiyo. Sisi tunayo moja, tumepumzika.) Kifua hajafanyiwa operesheni. Pengine atafanya, pengine hatafanya, hela hana kwa sasa, na si kazi yangu wala yako kumuuliza.

Sasa sikilizeni. Siku ya kwanza tumefika bwawani. Mimi nimevaa burkini (burkini jamani, si Bukini kule Madagaska): suruali mpaka kifundo cha mguu, gauni fupi juu yake, na kofia iliyoshonewa humo humo. Jirani kavaa bukta ya kuogelea ya kufika magotini na fulana nyeusi ya mikono mirefu, kitambaa cha nailoni na spandeksi, ile ile wanayovaa wacheza mawimbi. Ukitupima kwa futi ya fundi cherehani, mimi nina kitambaa mara mbili yake. Msimamizi akanitazama mimi kwanza.

"Ya dini?"

Nikamwambia ya dini.

"Haya, ingia."

Akamgeukia Jirani: fulana vua. Jirani akasema hawezi. Una sababu ya dini? Hana. Ya kiafya? Kimya. Basi lete barua ya daktari, au vua, au toka. Na foleni nzima nyuma yetu imetega masikio kama redio. Jirani akachukua taulo lake, akaondoka. Akakosa darasa lile na lililofuata.

Yule msimamizi hakutukana wala hakupaza sauti. Alikuwa anafuata bango la ukutani, limeandikwa "Mavazi rasmi ya kuogelea tu", basi, hakuna neno jingine. Kwa hiyo mimi ugomvi wangu ni na bango. Rasmi kwa nani? Tangu lini?

Maana mtu anaweza kudhani kwamba mwanaume kuogelea kifua wazi ni kitu kilichoshuka na Adamu. Wapi! Hapa hapa Marekani, mpaka miaka ya 1930, vazi la kawaida la mwanaume ufukweni lilikuwa na sehemu ya juu, kama singlendi iliyoungana na kaptula, mara nyingi ya sufu. Sufu, majini! Mwaka 1935 kule Atlantic City polisi walikamata wanaume kwa kosa la kuacha vifua wazi ufukweni. Yaani fulana anayoambiwa Jirani avue, babu yake msimamizi angelala mahabusu kwa kuivua.

Na raha ya historia haijaisha. Miaka hiyo hiyo, kwenye mabwawa ya ndani ya YMCA na ya shule nyingi za Marekani, wanaume na wavulana walikuwa wanaogelea uchi wa mnyama, na ndivyo ilivyotakiwa. Chama cha Afya ya Umma cha Marekani kilipendekeza hivyo kwenye mwongozo wake wa mabwawa kuanzia mwaka 1926, na pendekezo hilo liliondolewa mwaka 1962. Sababu? Usafi. Nyuzi za zile nguo za sufu zilikuwa zinaziba machujio. Kwa hiyo nchi moja, kizazi kimoja, mwanaume yule yule anakamatwa nje kwa kifua wazi na ndani anakatazwa hata bukta. Halafu leo mtu ananionyesha bango kama vile limeteremshwa mlimani.

Ufaransa nako vituko. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ilipiga marufuku burkini ufukweni, mpaka Baraza la Dola likasimamisha amri ya mji mmoja, Villeneuve-Loubet, mwezi Agosti. Lakini kwenye mabwawa yao mengi hata mwanaume wa kawaida akija na bukta pana anarudishwa, anatakiwa avae kile cha kubana, eti usafi tena. Na tusisahau kofia ya Soul Cap, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele nene na rasta. Mwaka 2021 shirikisho la kuogelea la dunia, FINA, liliikataa isitumike Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2022 likaikubali. Kofia haikubadilika, maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni watu kupiga kelele.

Kwa hiyo tukubaliane: "rasmi" ni mazoea ya aliyekuwepo siku bango linaandikwa. Siku hiyo Jirani hakuwepo. Mimi pia sikuwepo, ila wenzangu walinitangulia kudai, nimekuta mlango umefunguliwa.

Kuna hoja moja ya kweli ya upande wa pili na nitaipa heshima yake. Fulana ya pamba haifai bwawani. Inanyonya maji, inakuwa nzito kama gunia, inamvuta chini mtu asiyejua kuogelea, na manyoya yake yanaingia kwenye machujio. Hilo sibishi. Lakini hiyo ni hoja ya kitambaa. Fulana ya Jirani ni nailoni na spandeksi, kitambaa kile kile cha vazi la msichana wa timu ya kuogelea na kile kile cha burkini yangu. Kama shida ni pamba, andikeni "pamba marufuku". Mkiandika "rasmi" mnamwachia kijana wa miaka kumi na tisa mwenye filimbi shingoni aamue kwa macho nani mwili wake unafanana na nguo yake.

Na hapo kwenye macho ndo penyewe. Angalia ile barua ya daktari. Mimi niliulizwa swali la neno moja nikajibu kwa neno moja, nikaaminiwa. Hakuna aliyeniambia nilete barua ya shehe. Jirani ili aingie inabidi atangaze kifuani kwake kuna nini, mbele ya wanafunzi kumi na tatu na familia moja iliyokuja na watoto. Sisi tuna neno la jambo hili, tena zuri kuliko la Kiingereza: stara. Kumsitiri mtu si kumpa nguo peke yake. Ni kutomchimbua. Ukimlazimisha mtu aeleze mwili wake kwenye foleni, umemvua, hata kama bado kavaa.

Namjua atakayekuja kwenye maoni na "mficha uchi hazai". Bwana, methali hiyo inamhusu mkunga. Mwokoaji wa bwawa anahusika na mtu asizame.

Kuzama kwenyewe si mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Sisi tuliokua na jina la MV Bukoba (1996) masikioni, halafu tukaja kuisikia ya MV Nyerere (2018) tukiwa na akili zetu, hatuhitaji kuelezwa. Jirani anasomea mambo ya maji na samaki. Kapata nafasi ya kufanya utafiti ziwani majira ya joto, kazi ya kwenye boti, ya kulipwa, na sharti mojawapo ni kufaulu jaribio la kuogelea kabla muhula haujaisha. Hajui kuogelea. Kila darasa analokosa ni kazi inayeyuka. Kuna usiku aliniuliza, "Dada, sasa mimi nitajifunzia wapi, bafuni?" Sikuwa na jibu.

Kisa kama hiki tunacho hata nyumbani. Nungwi, Unguja, watoto wa kike wamekua wakiishi mita chache kutoka baharini bila kujua kuogelea. Mradi wa Panje ukaanza kuwafundisha, na moja ya mambo yaliyowezesha ni vazi la kufunika mwili mzima. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, wamelala juu ya maji na magaloni, zikasambaa dunia nzima. Kila mtu alizipenda picha zile. Kila mtu alielewa mara moja kwamba nguo ndo ilifungua bahari. Sasa nauliza, kwa nini akili ile ile inagoma ikifika kwa kijana wa kiume mwenye sababu nyingine ya kufunika kifua?

Na kwa kweli pwani yetu inawashinda hawa. Nenda Coco Beach Jumapili, au Pirates pale Mombasa. Vijana wamo majini na jezi za Simba, na jinzi zilizokatwa, akina mama wamo na dera na leso, hakuna anayemuuliza mtu kwa nini umevaa fulana. (Mabwawa ya hoteli ni habari nyingine, huko mabango wanayo.) Sisemi kwetu ni peponi kwa watu kama Jirani, msininukuu vibaya. Akijulikana ni nani, kuna mahali fulana haitamsaidia kitu, na sheria zetu mnazijua. Nasema tu kuhusu nguo majini, bahari ya bure imemzidi ustaarabu bwana mkubwa wa chuo.

Haya, sasa upande wa pili wa hasira yangu: wanaouza. Maana ukianza kutafuta nguo ya kuogelea ya mwanaume transi unakutana na maduka ya intaneti yanayokuambia bila vazi lao maalumu huwezi kugusa maji. Tumekaa na Jirani jioni mbili tunachambua. Nawapa tulichokipata, kwa sababu naamini kuna mtu anasoma hapa kimya kimya anayekihitaji, na sitaki ajiumize.

Kibana kifua cha kila siku, wenyewe wanakiita bainda, usiingie nacho majini kama hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kikilowa kinabana zaidi, kinakuwa kigumu kuvua, na kuogelea kunataka mapafu yafunguke. Hata nchi kavu wenyewe wanashauriana kisizidi saa 8 kwa siku na usilale nacho. Bendeji ya hospitali ndo usiiguse kabisa, ile inazidi kukaza kadiri unavyohema, mbavu zinaumia. Gundi ya karatasi na ya mabomba, ngozi itabaki kwenye gundi. Ipo tepu maalumu ya ngozi inayovumilia maji, hiyo jaribu kipande kidogo kwanza sehemu nyingine ya mwili, na kuibandua ni kwa mafuta na kwa subira.

Kuna vibana vya majini kweli, na kuna kampuni kama TomboyX na Outplay zinazoshona mavazi ya kuogelea bila kukupangia we ni mwanamke au mwanaume. Vizuri. Lakini mwanafunzi mwenye hela ya mawazo anaweza kwenda duka la kawaida la michezo, upande wa wanaume, akachukua fulana ya wacheza mawimbi. Rangi iwe nyeusi au ya maua maua, kwa sababu nyeupe ikilowa inasema kila kitu, na michoro inavuruga umbo. Isibane kama soksi, isipwaye pia, maana ya kupwaya inajaa maji na kupanda mpaka shingoni. Nyingine zina kitanzi kidogo mbele cha kufungia kwenye kamba ya bukta, hicho kitanzi ni dhahabu. Yenye zipu mbele ni rahisi kuvua ikiwa imelowa. Ndani yake wengine wanavaa sidiria ya michezo ya kawaida, isiyokaza sana, na inatosha.

Bukta: ya kufika magotini, yenye bitana, nyeusi. Kwa wale ambao bado wanapata siku zao, na wapo, siku hizi kuna bukta za kuogelea zenye kitambaa cha kunyonya ndani. Aliyekwisha kufanyiwa operesheni asubiri daktari wake aseme kidonda kimefunga ndo aingie bwawani, na makovu ayapake mafuta ya kuzuia jua. Kabla ya siku yenyewe vaa vyote, ingia chini ya bomba la bafuni, nyoosha mikono juu, inama, vuta pumzi mpaka mwisho. Kama pumzi haifiki, nguo hiyo rudisha. Ukitoka bwawani isuuze kwa maji baridi, klorini inakula spandeksi.

Jirani alikuwa kafanya yote hayo. Bafuni kajaribu mara tatu. Kaja kavalia kabisa ndani ya nguo zake ili asipite chumba cha kubadilishia. Kijana kajipanga kuliko sisi wote, halafu kasimamishwa na neno moja la ukutani. Ndo maana nikiona makala za "jinsi ya kuchagua vazi linalokufaa" siku hizi nachoka. Chagua, chagua, chagua. Achague nini kama mlangoni kuna mtu wa kumchagulia?

Wapo watakaosema si avae la kike tu, nani anajali. Yeye anajali. We mwanaume unayesoma hapa, vaa bikini ya dada yako uende darasani kesho, halafu uje uniambie nani anajali. Wapo wa "si avue tu kama wanaume wenzake". Huyo sina la kumjibu, arudi juu asome upya.

Na wapo wa "mambo ya Wazungu". Schuyler Bailar, aliyeanza kuogelea timu ya wanaume ya Harvard mwaka 2015 baada ya kusajiliwa kwa ajili ya timu ya wanawake, baba yake ana asili ya Mzungu na mama yake ya Korea, kama ni lazima tuhesabu damu. Huyo kifua alikuwa kishafanyiwa operesheni, akavaa vazi la mashindano la wanaume akaendelea na maisha. Kwenye mashindano sheria ndo ilivyo: tangu Januari 2010 vazi la mwanaume haliruhusiwi kupanda juu ya kitovu. Sawa, hayo ni mashindano, sekunde zinahesabiwa, walikuwa wanadhibiti zile nguo za plastiki zilizovunja rekodi kila wiki. Sisi kwenye darasa letu rekodi iliyopo ni ya mimi kumeza maji mara sita kwa dakika moja. Sheria ya Olimpiki inatuhusu nini?

Basi tumeandika barua. Mimi, Jirani, kaka mmoja mwenye makovu ya moto mgongoni ambaye naye aliwahi kuambiwa avue, na dada mmoja mwenye ugonjwa wa ngozi unaochukizwa na taa. Ona sasa, tulianza na mmoja, tumefika wanne kabla hata ya kuzunguka mabweni. Hatukuomba ruhusa maalumu kwa transi, kwa sababu ruhusa maalumu inarudisha swali lile lile mlangoni. Tumeomba bango liondolewe, liandikwe hivi: "Nguo yoyote ya kuogelea, fupi au ndefu, kwa mtu yeyote, mradi si ya pamba wala jinzi. Hakuna atakayeulizwa sababu."

Kamati ya jengo la michezo inakaa Alhamisi ijayo saa kumi jioni, chumba cha chini karibu na mashine za soda. Mlio hapa chuoni njooni, viti vipo. Mlio mbali andikeni maoni hapo chini. Ya kupinga karibuni sana, ya matusi nafuta.

Mwalimu wetu wa kuogelea, mama wa watu, kamwambia Jirani aje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla bwawa halijafunguliwa, atamfundisha peke yake na fulana yake. Zimebaki Jumamosi saba kabla ya jaribio. Mi naenda naye, burkini imekauka tayari.